Pembe, Mapenzi na Utu

Mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, cheo nilichopewa kwa sababu moja tu: nina kompyuta. Niliinunua ya mitumba pale Makoroboi, na hadi imalize kuwaka, feri ya Kamanga imeshavuka na kurudi. Ikiingiwa na virusi, fundi ananitoza hela ya kuweka Windows upya, nayo si halali hata kidogo.

Mpwa wangu anayesoma chuo huko Nyegezi akanionea huruma. "Mjomba, achana na vya wizi. Ipo mifumo ya bure na halali." Jumamosi akaja na flashi tatu.

Ya kwanza ilikuwa FreeBSD, mfumo uliotoka mwaka 1993, ukoo wake ni Unix ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Mama naye alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Ukerewe na ndoo ya sato. Kioo kikawaka, na pembeni mwa maandishi likatokea duara jekundu lenye pembe mbili. Mama akatua ndoo.

"Hicho kina pembe za nini?"

"Bibi, ni alama ya dimoni," akajibu mpwa wangu, ambaye hajui kudanganya. "Ni programu inayofanya kazi chinichini bila mtu kuiona."

"Na mapepo si ndivyo yanavyofanya?"

Flashi ikachomolewa.

Ya pili ilikuwa Debian, ambayo haina pembe. Ian Murdock aliyeianzisha mwaka 1993 aliunganisha jina la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Mtu wa kamati ya harusi nitake nini tena? Kumbe flashi ilibeba mwanzo tu. Yaliyobaki yalitakiwa kuvutwa kwenye intaneti. Bando langu la wiki likakata roho kabla hatujafika nusu. Mapenzi bila bando hayafiki mbali.

Ikabaki Ubuntu, ambayo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliitoa mwaka 2004 akiwa ameijenga juu ya hiyohiyo Debian. Jina lake ni la Kinguni, maana yake utu. Nikasema huyu sasa ni ndugu. Ikaanza kuniuliza maswali kwa Kiingereza kirefu, nami nikaijibu kama ninavyojibu ukweni: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ndiyo mojawapo ilikuwa ya kufuta diski nzima.

Orodha ya michango ikaenda na maji. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp, kwa unyenyekevu, kila mtu anikumbushe alichotoa. Haikupita saa moja, watu ambao hawakuwahi kutoa hata mia wakaapa kwamba walishamaliza ahadi zao. Mmoja alidai chenji.

Siku ya harusi, katika mji huu ambao ziwa liko mlangoni, wageni walikula dagaa.

Leo kompyuta inawaka upesi, virusi sivioni, na fundi hanisalimii tena. Kila asubuhi kioo kinanionyesha neno Ubuntu, nami nawakumbuka wachangiaji wangu. Kwa hiyo ndugu msomaji, chagua mfumo wowote kati ya hiyo mitatu, hutajuta. Ila kwanza nakili mafaili yako kwenye flashi nyingine, na michango ya harusi iandike kwenye daftari, kwa kalamu ya wino.