Naomba Wazee Wetu Wapitishwe Mpakani: Barua ya Wazi kwa Mgeni Rasmi

Holili, Rombo

Kwa Mgeni Rasmi,
Meza Kuu.

Yah: Ombi la kukaguliwa kwa wazee pamoja na mizigo mingine

Mheshimiwa, itifaki imezingatiwa. Nakuandikia mapema kwa sababu tarehe 1 Oktoba ikikaribia, Siku ya Wazee, ratiba yako hujaa na barua kama hii huishia kwa katibu muhtasi. Kwanza pokea pongezi. Nimefuatilia ziara zako kwa miaka mingi na sijaona hata moja ambayo ulikuta makazi ya wazee katika hali mbaya. Ukuta umepakwa chokaa, na mawe ya kando ya njia pia. Shuka zimetandikwa zikiwa bado na mikunjo ya dukani, ile mistari iliyonyooka ambayo mwili wa binadamu ukiilalia usiku mmoja tu inapotea. Wazee wameketi kwenye viti vya kukodi tangu saa mbili asubuhi, wewe ukafika saa sita, wakakuimbia. Ukashika kona ya gunia la mchele, wenzako watano wakashika kona zao (gunia lina kona nne, hizo nyingine sijui mlizitoa wapi), picha ikapigwa, kisha ukaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba umefurahishwa na huduma. Kwamba ulifurahi sina shaka. Kinachonisumbua ni hilo neno huduma.

Siandiki juu ya makazi fulani, iwe Njoro hapa Moshi, Kolandoto kule Shinyanga, Nunge pale Kigamboni au nyumba ndogo ya masista yenye vitanda kumi na viwili. Naandika juu ya ziara yenyewe, kwa kuwa ndiyo imekuwa kipimo chetu cha ubora, na kipimo hicho hupima vitu vilivyoingia getini siku ile: katoni za sabuni, ndoo za mafuta, mbuzi. Huduma kwa mtu asiyejiweza ni kazi ya saa kwa saa, na saa zake ngumu ni zile ambazo wewe umelala. Chukua kisigino. Mzee aliyepooza akilazwa chali bila kugeuzwa, uzito wa mguu hukaa juu ya kimfupa kimoja na damu haipiti vizuri. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi; pahali hapo huiva kama zambarau, pakawa na joto ukipagusa, halafu yakaja malengelenge, halafu kidonda ambacho kikikaribia mfupa kitakula miezi. Kinga yake ni kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, na kuweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee hewani. Kisigino hakipakwi chokaa. Au chukua kikombe cha maji kilichowekwa juu ya kabati, kiganja kimoja zaidi ya pale mkono wa mzee unapofika. Kwenye taarifa utakayosomewa, maji yapo.

Sasa nije kwenye ombi. Sisi wa Holili, mpakani na Kenya, tunaishi na ukaguzi kama Wapemba wanavyoishi na karafuu. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, malori yalilala mipakani, na zuio lilipoondolewa liliacha sharti lenye tarakimu: sumukuvu iwe chini ya sehemu 10 katika bilioni. Bilioni, Mheshimiwa. Punje ya hindi inahojiwa hadi sehemu yake ya bilioni, wakati mzee wa miaka themanini taarifa yake ni maneno mawili, "wanaendelea vizuri", tena kwa wingi, kana kwamba huwa wanaumwa kwa kundi. Ndipo nikaona afadhali waingizwe kwenye daraja la mizigo. Naomba kila mwisho wa mwezi wapakiwe kwenye semitrela chini ya turubai safi, kila mmoja na mstari wake kwenye hati ya mzigo: jina, uzito wa mwezi uliopita, vidonda alivyoondoka navyo, dawa anazomeza. Pale mizani ya Himo wapimwe. Lori la kawaida hutozwa likizidi. Hili naomba lishikwe likipungua, na msimamizi aeleze kilo zimekwenda wapi, maana kilo haziondoki zenyewe. Kwa utaratibu wa kituo cha pamoja uliozinduliwa 2016, anayetoka kwetu hukaguliwa upande wa Taveta, na anayeingia hukaguliwa Holili. Wazee basi watavuka, waangaliwe na dola ya kwanza, kama ni Jumatano au Jumamosi wapitie sokoni Taveta, wageuze, waangaliwe na dola ya pili. Afisa wa forodha hajali wimbo wa kukaribisha. Atafunua turubai na kuhesabu vichwa kwa hati, na atataka kujua kwa nini mstari wa saba una jina lakini hauna mtu. Atauliza alama ile ya mkononi imetoka wapi. Atagusa kisigino. Akiridhika atapiga lakiri, na lakiri hiyo ikikutwa imekatwa kabla ya kurudi Moshi, hiyo ni kesi. Isitoshe, lori huwa na utingo, na huyo atakuwa mtu wa kwanza baada ya muda mrefu ambaye kazi yake yote ni kutazama kama mzigo umelala vibaya, na kuusogeza.

Najua washauri wako watasema nimekosa adabu kulinganisha mzee na gunia. Mimi nasema linganisho hilo linalionea gunia. Najua pia watasema nchi yetu ni maskini, tusijipime kwa vipimo vya matajiri. Lakini mizani ya kusimama inauzwa madukani, daftari na kalamu vipo, na kumgeuza mtu hakuhitaji fedha za kigeni. Utajiri wenyewe hauleti jibu hapa. Marekani walitunga sheria mwaka 1987 kwamba nyumba za wazee zikaguliwe bila taarifa, isipite miezi 15 kabla ya ukaguzi mwingine. Kisha mwaka 2008 wakaongeza nyota, moja hadi tano, na sehemu ya nyota hizo ikategemea takwimu ambazo nyumba zenyewe zilijiandikia. Unadhani zilijiandikia nini? Kilichofanya kazi kule ni kile cha bei rahisi, yaani kuja bila kupiga simu. Na nyumba ndogo ina faida ambayo kubwa haina. Ukiwa na wazee kumi na wawili, wastani hauna maana, kwani mmoja akianguka bafuni hesabu nzima inapinda. Lakini kumi na wawili unaweza kuwapitia mmoja mmoja kwa jina, kitanda kwa kitanda, asubuhi moja ikatosha. Hotuba yako huwa ndefu kuliko hiyo.

Watasema tena kwamba ukaguzi wa kushtukiza unawaonea watumishi. Kinyume chake, Mheshimiwa. Ziara ya kutangazwa ndiyo inayowaonea. Wanaazima watu wa zamu nyingine, wanakesha wakifua, wanakuonyesha nyumba yenye wahudumu wanane, nawe unaondoka ukiamini wanane wapo. Ukija usiku utamkuta mmoja, na huyo mmoja hawezi kugeuza watu kumi na wawili kila saa mbili hata angekuwa malaika. Upungufu huo ndio unaotakiwa ufike mezani wakati wa kugawa bajeti, na wewe ndiye unayeufunika kwa kuja mchana.

Pingamizi linalonichosha zaidi ni lile la kwamba nyumba za wazee si utamaduni wetu. Kweli, huku mlimani mzee alikuwa na kihamba, shamba lake la ukoo, na mtoto wa mwisho alibaki nacho pamoja na wazazi wake. Ila hapo penye sifa pana mkataba pia: ardhi kwa matunzo. Kihamba kimegawanywa hadi kimebaki migomba ya kuhesabika, mrithi yuko Dar es Salaam au Mombasa, na mkataba umekosa upande mmoja. Mrithi huyo huja Desemba, na sukari, na simu ya kupigia picha, anamvalisha mama kitenge kipya chenye mikunjo ya dukani. Unaona, Mheshimiwa, hauko peke yako. Ugeni rasmi umeingia hadi majumbani, na mimi sijui niuandikie ubalozi gani. Lakini sensa ya 2022 imetuonyesha watu zaidi ya milioni 3 wenye miaka 60 na kuendelea, na wale wasio na mtu hata wa Desemba hawawezi kulishwa utamaduni.

Punda ana sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ilipitishwa 2008. Mtoto alipata yake 2009, na kanuni za makao ya watoto zikafuata 2012. Mzee alipewa sera mwaka 2003, na miaka ishirini baadaye alikuwa bado anaisubiri sheria, amekaa kwenye kiti cha kukodi juani. Mtu amelala kwenye mkojo wake saa nane ya usiku, anaita jina la mhudumu kwa sauti isiyofika mlangoni, na wewe una picha ya gunia! Picha ngapi zinatosha? Nani kati yenu amewahi kufunga gari mbali, akatembea kwa miguu hadi dirishani, akasikiliza tu?

Samahani, Mheshimiwa. Sauti ilipanda. Turudi kwenye itifaki.

Yapo na maombi madogo ambayo hayahitaji semitrela. Kitabu cha wageni kiongezwe safu, wazee waandike kama wamefurahishwa na mgeni. Ile hundi ya bango yenye upana wa mlango iachwe palepale, itazuia upepo dirishani. Chakula utakachokula kiwe cha Jumanne iliyopita. Na risala isomwe na mtu aliyekuwa zamu usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa lugha yake, bila kupitiwa na ofisi.

Kuhusu lori, tunasubiri majibu yako. Wenye malori hapa wako tayari kuzungumza bei. Kama ofisi yako itaona safari ya mpakani ni ndefu mno kwa wazee, nitaelewa, na nitakubali mbadala mmoja tu: uje wewe. Njoo saa nane ya usiku, bila king'ora, na tochi ndogo. Ukifika kitanda cha kwanza, uliza jina, kisha inua shuka upande wa miguuni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Holili

Nakala: Mizani ya Himo, kwa maandalizi.