Mfuko Uliotangulia Nairobi

Miraa ya shamba letu imeiona dunia kuliko mimi ninayeipalilia. Kabla Uingereza haijaipiga marufuku Juni 2014, ilikuwa inachumwa hapa Kangeta asubuhi, inafungwa majani ya mgomba ikapendeza kama bibi harusi, na kabla sijamaliza kubishania senti zangu na dalali, iko London. Siku hizi London hakuendeki, lakini Mogadishu bado inakwenda kwa ndege. Mimi, kufikia Agosti iliyopita, nilikuwa nimefika Nairobi mara tatu: mara mbili kuchukua maiti na mara moja kufuatilia cheti kilichopotea. Zote tatu sikuvuka barabara ya pili kutoka stejini.

Aliyenichokoza ni mtoto wangu wa pili, ambaye ana miaka tisa na hajui kunyamaza. Tulikuwa tumekaa jioni tunafunga mabunda akauliza, "Baba, miraa ikienda Nairobi hulipa nauli pesa ngapi?" Nikamwambia hailipi kitu, gari huja kuifuata hapa hapa. Akafikiri kidogo. "Basi si na sisi tufungwe majani ya mgomba?"

Mama yao alicheka hadi akamwaga chai. Mimi sikucheka. Usiku huo nilichukua daftari la mavuno nikaandika nyuma yake bajeti ya wikendi moja Nairobi, Ijumaa hadi Jumapili, shilingi 15,000. Nauli: sifuri, kwa sababu kijana wa jirani anaendesha pikapu ya miraa na alikuwa ameniahidi lifti. Malazi: sifuri, kwa sababu shemeji yangu anakaa Umoja na kila Krismasi hutuambia, "Njooni tu, nafasi ni moyo." Chakula: sifuri, tutabeba. Bajeti yenye sifuri tatu ni kitu kitamu kukitazama. Sidhani kama Waziri wa Fedha mwenyewe amewahi kuiona. Elfu kumi na tano zote zilikuwa za raha: makumbusho, mashua za Uhuru Park, chipsi, na aiskrimu kwa mwenye tabia nzuri.

Mama watoto alisoma ile karatasi mara mbili. "Na mama yako?"

"Mama yangu amefanya nini?"

"Ameshapiga pasi leso."

Kumbe yule mtoto wa pili alikuwa ameshapeleka habari nyumba ya shosho yake. Na shosho hakuwa anaomba kuja, alikuwa anauliza tunatoka saa ngapi. Alikuwa na shughuli yake Nairobi, alisema, iliyokaa tangu ujana wake: kumwona Ahmed. Ahmed alikuwa ndovu wa Marsabit, mwenye pembe ndefu hata ilisemekana zinagusa ardhi. Mwaka 1970 Mzee Kenyatta alitoa amri ya rais kwamba asiguswe, akawekewa walinzi usiku na mchana. Alipokufa mwaka 1974 watu wengi walihuzunika, na mama yangu, aliyekuwa bado mke mpya hapa Kangeta, alisikia habari kwenye redio ya jirani. Sanamu yake imesimama katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa. "Nimechelewa mazishi," mama akasema, "lakini pole haiozi."

Ijumaa, saa sita kasorobo, tulikuwa barabarani. Watu sita: mimi, mama watoto, Shosho, kifungua mimba, yule wa maswali, na kitinda mimba wa miaka minne. Mbele yetu ule mfuko mkubwa wa mistari ya buluu na nyekundu, ndani yake nguo za wote, nduma za kuchemsha, chapati ishirini na mbili na chupa ya chai. Kijana wa jirani alikuwa ameniuliza kwa simu tuko wangapi, nikamjibu "wachache". Kwetu wachache ni hesabu inayoweza kufika kumi na moja.

Asiyewahi kuiona pikapu ya miraa ikishuka milima ya Nyambene hatanielewa. Miraa ikikaa siku mbili imekufa, haina bei, kwa hiyo dereva hashindani na magari mengine, anashindana na jani kunyauka. Ilitokea kwenye kona imejaa hadi turubai limefura, ikapunguza mwendo, na mwenzake dereva akachomoa mkono dirishani akashika mfuko. Nikaachilia. Naapa niliachilia nikidhani mkono utarudi kuchukua mtoto. Mkono haukurudi. Gari likanguruma, tukabaki watu sita tumesimama katika vumbi, mikono mitupu, kama watu waliokuja kuaga mfuko.

Nilipiga simu. "Mzee," kijana akasema kwa heshima zote, upepo ukivuma nyuma yake, "hapa hakuna hata pa kuketi paka. Lakini mzigo utaukuta Eastleigh saa kumi na moja, usiwe na wasiwasi." Sijui kwa nini aliniambia nisiwe na wasiwasi. Wasiwasi ndio kitu pekee nilichobakiwa nacho.

Sifuri ya kwanza ikawa elfu tano. Makanga wa matatu alikubali kitinda mimba apakatwe, lakini yule wa maswali alimpima kwa macho akasema, "Huyu ana meno yote, atalipa." Tukatoka. Meru mjini tuliingia salama, na mbele kidogo, kabla ya Nkubu, nikasimama ndani ya gari kuwafundisha watoto kwamba sasa hivi tunavuka Ikweta, mstari unaogawa dunia nzima, na sisi wa Kangeta tunaamka kaskazini yake kila siku. Nilipogeuka, watatu walikuwa wamelala na wa nne, mama yangu, alikuwa anauliza kama choo kiko mbali. Kwenye daraja la Nithi, lile la ajali, gari zima lilinyamaza, kama linavyonyamaza kila gari, na dereva akapunguza redio bila kuambiwa. Kwenye kona za Thuchi kitinda mimba alitapika ndani ya kofia yangu. Ilikuwa kofia nzuri.

Tulipopita Embu, Shosho aligeuza uso akatazama upande wa pili wa barabara. Embu ni nchi ya muguka, mshindani wa miraa, na mama yangu huuhesabu muguka kama majani ya mbuzi. Lakini Mwea aliamka. Gari liliposimama na akina mama wa mchele wakaja dirishani, alinusa kiganja kimoja cha pishori, akanigeukia. "Nipe elfu mbili."

"Mama, tunaenda Nairobi. Mchele hununuliwa wakati wa kurudi."

"Wakati wa kurudi utakuwa na pesa?"

Nililipa. Kilo kumi. Kutoka hapo hadi mjini aliupakata ule mchele kuliko mama watoto alivyompakata mtoto, na msongamano wa Thika Road ulipotufunga saa nzima, alikuwa mtu pekee garini asiyelalamika.

Kwa shemeji, Umoja, tulifika saa tatu na nusu usiku. Nafasi ni moyo, kweli, na moyo wa shemeji ni mkubwa. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja: kitanda, kochi, jiko la gesi, na televisheni inayoshika nusu ya ukuta. Mkewe alitupokea kwa vigelegele halafu akachungulia nyuma yetu. Akachungulia tena. Nikaelewa. Nilikuwa nimewaambia wasipike, tunakuja na nduma na chapati. Nao hawakupika. Kukawa na kimya ambacho hata televisheni ilikiheshimu.

"Leta sufuria," akasema mama yangu.

Kilo tatu za pishori ziliisha usiku ule, na nyanya mbili, na kitunguu cha kuazima kwa jirani. Kila mtu alipokuwa ananawa, Shosho alinitazama mara moja tu, kwa upande, kisha akaendelea kuchokoa meno kwa njiti. Hakuhitaji kusema kitu. Tulilala wanane katika chumba kile. Mimi nililala nusu chini ya meza, na kila mtu aliyeenda chooni alinikanyaga akaniomba msamaha kwa jina.

Jumamosi tulivaa nguo za jana tukaenda makumbusho. Nilikuwa nimeficha pesa zilizobaki ndani ya soksi, kwa sababu kila mtu Kangeta alikuwa ameniambia nisiamini mfuko wa suruali nikiwa mjini. Dirishani yule dada akaniambia kwa upole kwamba malipo ni kwa simu, taslimu hazipokelewi. Ndipo nikateremka hadi Ngara kutafuta wakala wa M-Pesa, nikavua kiatu mbele ya foleni, nikamkabidhi noti. Alizishika kwa ncha za vidole. Zilikuwa vuguvugu.

Niliporudi nikakuta familia imezuiwa langoni. Shosho alikataa kuacha ule mchele Umoja. Anasema alimwona shemeji akiutazama. Alikuwa ameufunga mgongoni kwa leso, kama mtoto. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alichungulia akauliza, "Mama, mtoto ana miezi mingapi?"

"Ana kilo saba."

Ukabaki langoni, chini ya kiti cha mlinzi, na Shosho akamhesabia mafundo ya kamba mbele yake ili kusiwe na maneno.

Ahmed alikuwepo. Mama yangu alimzunguka polepole, mikono nyuma, kama mzee anayekagua fahali wa mahari. Akasimama chini ya zile pembe. Akaongea naye Kimeru, si kwa sauti, na sikusikia yote. Nilisikia habari za mvua ya mwaka huu na jina la marehemu baba. Kisha akamwita mhudumu. "Alikufa na nini?"

"Uzee, mama. Alikuwa na walinzi hadi mwisho."

"Walinzi." Akatikisa kichwa. "Mimi uzee wangu unalindwa na mbwa mmoja, na analala."

Watoto waliona nyoka, wakaona ndege waliokaushwa, wakapigania maji. Ilikuwa saa nane tulipotoka, na hapo mashua za Uhuru Park zilikuwa bado zinawezekana kabisa, kama si kitinda mimba kuhitaji kubadilishwa suruali. Suruali zote zilikuwa Eastleigh.

Eastleigh tuliingia na matatu iliyopakwa picha za wanamuziki, tukashuka tukaanza kuuliza. Kuuliza njia ukiwa na watoto watatu, mama mwenye mchele na kofia iliyofuliwa ingali na maji ni kazi, lakini hatukutembea sana. Yule wa pili, anayesoma kila kitu chenye herufi, alisimama ghafla akaonyesha kibanda cha mbao chenye maandishi mekundu. "Kangeta!"

"Tumefika nyumbani!" kitinda mimba akapiga kelele, akaanza kulia kwa furaha.

Maana jina letu, kwa msiojua, mjini ni jina la daraja la miraa. Kuna giza, kuna alele, kuna kangeta. Watu wanaonunua kangeta kila siku hawajui kama ni mahali penye shule, kanisa na matope. Ndani ya kibanda alikuwa kijana wa kwetu, na nyuma yake, juu ya rundo la majani ya mgomba, ulikuwa umekaa mfuko wetu, umenyooka, umestarehe, umelala mjini usiku mzima bila kukanyagwa na mtu.

"Muga, shosho!" kijana akasimama. Alikuwa na furaha na pia haya, na haya tukaijua sababu yake tulipofungua mfuko. Nguo zote zipo. Chupa ipo. Chapati zimebaki nne. "Tulifikiri mmetutumia," akasema.

Mama yangu hakumsikiliza. Alikuwa ameshachukua bunda, amelifungua, amechuna gome la kijiti kimoja kwa ukucha, amekitazama kwenye mwanga. "Hii ilichumwa lini?"

"Jana, shosho."

"Jana ya nani?"

Wateja wawili waliokuwa wanatafuna wakaacha kutafuna. Shosho akageuza kreti ya soda akakaa, akaanza kutenga: hii huku, hii huku, hii mpe mbuzi. Ndani ya nusu saa kulikuwa na mkusanyiko. Mtu mmoja mnene mwenye kanzu alikataa kununua chochote ambacho yule mama hajakigusa. Kijana, ambaye mwanzoni alishika kichwa, alianza kumletea mabunda mwenyewe, mawili mawili, na kumwekea chai. Watoto walipewa karanga na Big G hadi taya zikachoka. Mimi na mama watoto tulikaa kwenye ukingo wa mtaro tukala chapati nne, tukiangalia jua linavyoshuka upande wa Uhuru Park.

Jumapili yule dereva alitupigia mwenyewe. Pikapu inarudi Kangeta tupu, nafasi ipo tele, bure. Nikamtazama mke wangu.

"Baba watoto," akasema, "mimi si miraa."

Tukapanda matatu. Elfu tano nyingine, ambazo sikuwa nazo zote. Zilizopungua alitoa Shosho kwenye fundo la leso. Kijana wa kibanda alikuwa amemlipa kwa kazi ya Jumamosi, na alimwachia namba ya simu endapo atapenda kurudi mwisho wa mwezi. Mchele uliobaki alimwachia mke wa shemeji. Bado namdai maelezo kuhusu hilo.

Shule zilipofunguliwa watoto wa darasa la yule wa maswali waliandikishwa insha ya likizo. Aliniletea daftari jioni akiwa amenuna. Alikuwa ameandika kurasa mbili, mwandiko safi. Ndovu wa Mzee Kenyatta amepata sentensi moja. Halafu: "Baada ya hapo tulienda Kangeta. Kangeta ya Nairobi ni ndogo kuliko yetu lakini ina wateja wengi, na mkubwa wake ni shosho yangu." Mwalimu amempa alama 12 kwa 20, na chini ameandika kwa wino mwekundu: Kangeta haiko Nairobi. Rudia.

Shosho amesoma. Yaani amesomewa. Ameshapiga pasi leso, na kesho asubuhi anaenda shuleni kumweleza mwalimu.