Ndege Iliyoruka Saa Nane Usiku

Muuza rangi wa Kariakoo aliniuliza ninapaka vyumba vingapi. Swali halali kabisa. Mtu mzima akiingia dukani saa nne asubuhi akataka rangi ya mafuta, ya udongo, moja iliyokolea na moja hafifu, na kijani vilevile mbili, lazima atakuwa na nyumba. Nikamjibu sipaki chumba, napaka ndege. Akaniangalia usoni, akaangalia viatu vyangu, kisha akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma ya ndoo: "Oya, hebu njoo umsikilize huyu mzee."

Ikabidi nitoe ushahidi. Bawa la chini lilikuwa mfukoni mwa shati, limechomoza kama rula ya mwanafunzi. Wakalishika, wakaligeuza, wakashauriana. Yule wa nyuma akasema kwa bawa kama hilo kijiko kimoja cha chai kinatosha na kubaki, lakini kopo dogo kuliko yote waliyonayo ni la nusu lita. Nikanunua manne. Lita mbili za rangi kwa chombo kinachoenea kiganjani! Ndiyo maana mlango wa choo chetu leo una rangi za jeshi la anga la Uingereza za mwaka 1940, na wageni wengine huupita mara mbili bila kuuona.

Ndege yenyewe ni Gloster Gladiator, ya mabawa mawili, moja juu ya lingine kama vitanda vya bwenini. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1934, na Waingereza hawakuunda tena ndege ya kivita ya mabawa mawili kwa ajili ya jeshi lao la anga baada ya hiyo. Vita ilipoanza ilikuwa imeshapitwa na wakati, ikapigana hivyohivyo. Ya kweli ina mita 9.8 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine. Yangu, aliyonitumia dada yangu kutoka Leicester ikiwa vipande vipande ndani ya boksi, ina sentimita 13 na ushei, kwa kuwa imepunguzwa mara 72. Hiyo 72 ni hesabu ya watu wa futi na inchi: mtu wa futi 6 anakuwa inchi 1 kamili, basi.

Wenzangu wa mchezo huu wa kuunda vindege huanza na ndege iitwayo Spitfire, ambayo kila mtu anayo. Mimi nilitaka Gladiator kwa sababu ya mkazi mmoja wa Dar es Salaam. Roald Dahl, yule yule aliyekuja kuandika habari za kiwanda cha chokoleti ambazo binti yangu amezisoma mpaka jalada limechomoka, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell hapahapa mjini kabla ya vita. Mwishoni mwa 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga, akajifunza urubani huko, na Septemba 1940 akakabidhiwa Gladiator kule Misri. Kwa simulizi yake mwenyewe, hakuna aliyemfundisha kuirusha. Ndege ina kiti kimoja, mwalimu angekaa wapi?

Hilo la kukosa mwalimu nalielewa. Karatasi ya maelekezo niliyoletewa haina hata neno moja, ni michoro na mishale tu, na mshale mmoja unaingia tumboni mwa ndege na hautoki. Gundi nayo haikuja. Dada aliniandikia kwamba gundi ya ndege inashika moto kwa urahisi, kwa hiyo hairuhusiwi kupanda ndege.

Nikaenda kwa fundi viatu, nikanunua supaglu.

Sasa, supaglu ina tabia ambayo fundi viatu hana haja ya kuijua, kwa sababu viatu havina kioo. Mvuke wake huganda juu ya plastiki angavu. Usiku nilibandika kioo cha chumba cha rubani kikiwa safi kama glasi ya maji. Asubuhi nikakikuta kimeshuka ukungu kama Lushoto mwezi wa saba. Ndani yake rubani alionekana kwa mbali, kama mtu anayeoga.

Ilinibidi nikibandue, jambo lililonipa nafasi ya kurekebisha kosa jingine. Dahl alikuwa na futi 6 na inchi 6. Anasimulia kwamba kule Nairobi kichwa chake kilipita juu ya kioo cha ndege ya mafunzo, upepo ukimpiga usoni hata asiweze kuvuta pumzi, mpaka akajifunga kitambaa puani na mdomoni. Rubani wangu wa plastiki alikuwa wa kawaida, futi 6 za kiwandani. Kwa hesabu ya 72 alipungukiwa milimita mbili. Mtu mwenye busara angesema milimita mbili si kitu. Mimi nimefanya kazi ya uhasibu miaka 22, na senti mbili zimewahi kunilaza ofisini. Nikamwekea puti na tone la supaglu chini ya makalio, nikamkalisha, nikambana kwa kidole gumba mpaka akauke. Alikauka yeye, nikakauka na mimi. Kwa karibu nusu saa tulikuwa kitu kimoja, mimi na rubani, mpaka mke wangu alipokuja na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Dawa hiyo ilinitoa mimi salama. Rubani ilimyeyusha mkono wa kushoto.

Na kioo, bila shaka, hakikufunga tena, kwa ajili ya zile milimita mbili.

Zikabaki nyaya. Ndege za aina hii zina nyaya zinazovutana kati ya bawa la juu na la chini, na mafundi wa kweli huzitengeneza kwa kupasha moto kijiti cha plastiki kwenye mshumaa na kukivuta kiwe chembamba kama unywele. Nilijaribu mara sita. Nilichopata ni harufu na lengelenge. Ilikuwa Jumamosi, mke wangu yuko uani anasukwa, kichwa nusu kimeshakwisha, na pembeni ya msusi kuna pakiti ya rasta imefunguliwa. Nani angekosa uzi mmoja mweusi? Nilichukua nane. Msusi akahesabu mafungu yake, akahesabu tena, kisha akaniona nikiwa na kibano mkononi, akaacha kuhesabu. Lakini nendeni mkazitazame zile nyaya. Zimenyooka kuliko zote nilizowahi kuziona, na hazipati kutu.

Rangi ilinipa heshima kidogo. Ndege za mabawa mawili zilipakwa kwa ujanja: bawa la chini hupata rangi hafifu zaidi kwa kuwa liko kivulini mwa la juu, ili kwa mbali yote mawili yaonekane sawa. Nilipaka kwa brashi ya binti yangu ya shule siku mbili, nikiwa nimezima pangaboi, katikati ya Februari. Jasho lilinitiririka likadondokea kwenye bawa la juu na kuacha madoa matatu. Siku hizo nilimwambia kila aliyeuliza kwamba hayo ni matundu ya risasi.

Rangi ya mafuta kwa joto na unyevu wa Dar haina haraka. Jioni ya siku ya pili ilikuwa bado inanata, meza inahitajika kwa chakula, sisimizi wameshaanza kuizunguka, na umeme umekatika. Nikatafuta pa kuitundika. Sebuleni kwetu hakuna msumari wala ndoano, kuna kitu kimoja tu kinachoning'inia darini. Nikafunga uzi kwenye pangaboi, upande mmoja wa panga, nikaining'iniza ndege hapo, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kwa tochi ya simu. Ilipendeza. Ikageuka taratibu yenyewe, ikanionyesha bawa la chini.

Mtu yeyote aliyezaliwa mji huu ameshajua kilichofuata. Umeme ukikatika hatuzimi swichi. Tunaziacha zitujulishe umeme ukirudi. Pangaboi letu, lililowashwa tena nilipomaliza kupaka, lilikuwa namba tano.

Ulirudi saa nane usiku. Shemeji yangu, mwanafunzi wa chuo kutoka Pemba, alikuwa amelala kwenye kochi. Kwa maelezo yake, alisikia upepo, akafumbua jicho moja, akaona kwa mwanga wa taa ya nje kitu chenye mabawa manne kinazunguka juu ya kichwa chake, kila mzunguko kikizidi kasi. Mtu wa Pemba anajua jina moja tu la kitu cha namna hiyo.

"Popobawa!"

Alipita sebuleni, korido na mlango wetu kwa pumzi moja. Nilipofika, Gladiator ilikuwa bado hewani, imelala ubavu, rasta zote zimekaza. Nakiri nilichelewa kuzima swichi. Nilisimama pale na shuka langu nikaiangalia ikiruka, labda mizunguko minane, labda kumi. Kisha uzi ukakatika. Ikapita juu ya televisheni, ikaigonga kalenda, ikatua nyuma ya friji. Nje majirani walishaanza kugonga geti wakiuliza kama Popobawa yuko ndani bado.

Ilipoteza gurudumu moja, rafadha, na ncha ya bawa la juu. Rubani alibaki kitini kwa nguvu ya puti.

Nimeiweka juu ya kabati hivyohivyo, imeinama upande usio na gurudumu. Sikuona sababu ya kuitengeneza, maana Dahl mwenyewe hakuifikisha ya kwake. Alielekezwa mahali pasipo sahihi, akatafuta uwanja jangwani mpaka mafuta yakakaribia kwisha na jua likizama, akajaribu kutua, akagonga jiwe, akavunjika fuvu. Alidunguliwa na nani? Hakuna. Lakini mwaka 1942 jarida moja la Marekani lilikichapisha kisa chake kwa kichwa cha habari kilichosema kwamba alidunguliwa juu ya Libya, na haikuwa hata Libya.

Juzi alikuja mzee jirani, mwalimu mstaafu, kunywa kahawa. Akalitazama kabati kwa muda mrefu.

"Na hii imekuwaje?"

"Ilidunguliwa, mzee wangu," nikasema.

"Na pangaboi, babu," akasema binti yangu, bila kuinua macho kwenye kitabu chake.