Sifa za Suruali Iliyochoka

Kanzu imesifiwa, kanga imetungiwa nyimbo, hata kofia ya viua ina watu wake wa kuitetea. Suruali ya mtumba iliyopauka, yenye viraka magotini na kamba ya katani mahali pa mkanda, haijapata mtu. Mtani wangu wa Kizaramo akiiona huniuliza kama nimefiwa. Sisi wa Tabora ndio tunaoingia nayo miomboni, mwenye kibali cha kuwinda na mrina asali vilevile, kwa hiyo deni hili la sifa ni letu. (Asiye na kibali naye namruhusu kusifia suruali. Mengine atayazungumza na askari wa wanyamapori.)

Sifa huanza na nasaba, na ya suruali hii haina doa. Babu yake ni merikani, kile kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Kutoka Bagamoyo mpagazi wa Kinyamwezi aliubeba mtumba wa merikani begani, akapita Mpwapwa, akavuka Ugogo ambako watemi walidai hongo yao kwa doti, akautua Unyanyembe. Marekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861 pamba yao ikaadimika, na vitambaa vya Bombay na vya Uingereza vikapata nafasi. Leo Mmarekani amerudi, na njia yake haiko mbali na ile ya zamani: belo linashuka bandarini Dar es Salaam, linapandishwa lori, linapita Dodoma, Manyoni na Itigi, linafunguliwa Tabora. Babu alikuja mpya, akalipiwa pembe za ndovu. Mjukuu anakuja ameshavaliwa na mtu mwingine hadi akamchoka, na analipiwa hela ya karanga. Kwangu mimi mjukuu ndiye mwenye sifa. Babu alinunuliwa kwa kuaminiwa tu. Huyu ameshafanyiwa majaribio na mtu mzito kuliko sisi, kwa gharama zake mwenyewe.

Na asidhani mtu kwamba ni kitu duni mbele ya wakubwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana, na moja ya mambo waliyokubaliana ni kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikakumbusha kuhusu AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Majirani wakarudi nyuma mmoja mmoja, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Nionyesheni suti gani imewahi kuwakalisha marais na kuwagonganisha na Washington. Suti huvaliwa kikaoni. Suruali yetu ndiyo iliyokuwa ajenda.

Lakini makao yake hasa ni porini, na huko ndiko kila aibu yake inapogeuka cheo. Tuanze na kupauka. Jinzi mpya ya buluu iliyokolea ni nzuri kwa kupigia picha Tabora mjini. Ipeleke Ugalla uone. Wataalamu wanaotega mbung'o hutundika vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa sababu mdudu huyo huzipenda rangi hizo kupita kiasi. Kijana anayeingia porini na jinzi mpya amejivika mtego, ila mtego wa wataalamu umetiwa dawa na wake una miguu yenye damu. Na malale si hadithi katika nchi hii. Enzi za Waingereza yalihamisha vijiji vizima. Nyuki nao hukasirikia rangi nyeusinyeusi, ndiyo maana mrina asali mzoefu hapandi mtini kama aliyevaa kwenda mazishini. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliona vyema kuandika kwamba mzee alivaa suruali ya kijivu. Hakueleza kwa nini ya kijivu. Mtu yeyote wa Sikonge angemweleza.

Mwindaji wa Ulaya au Marekani hukimbilia mabaka, apate kufanana na majani. Suruali hizo nazo hufika kwenye belo, na nyingine ni nzito na nzuri, zinatamanisha kweli. Ziacheni. Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare za jeshi, na sheria yenyewe ilikuwapo tangu zamani. Mabaka yanaweza kumdanganya pofu na swala, lakini mgambo hayamdanganyi. Suruali iliyochoka inapata kazi ileile bila kesi: baada ya kufuliwa sana, kuanikwa sana na kukalia majivu ya moto wa kambini, ina rangi ya gome la mninga, na hakuna wakili anayehitajika.

Anayetaka kuichagua aende gulioni jioni, wauzaji wanapoanza kufunga na bei imelegea. Aipeleke juani aitazame kwa ndani: mwanga ukipenya matakoni, airudishe kwenye lundo. Auvute msamba kwa mikono miwili bila huruma, kwa sababu magogo ya porini hayatamwonea haya. Achague pamba tupu. Kitambaa chenye nailoni kikidondokewa na cheche ya mwenge huyeyuka na kuganda kwenye ngozi; pamba hutoboka tu ikaendelea na kazi. Nailoni pia husema kila hatua, chwa, chwa, na mnyama ana masikio. Ni kweli pamba ikilowa umande asubuhi huwa nzito kama mtoto aliyesinzia mgongoni, lakini kufika saa nne jua limeshaibembeleza. Mwisho achukue iliyo ndefu kupita miguu yake. Wamarekani ni warefu, na kile kipande anachokata fundi ndicho bima: kiraka cha kitambaa kilekile, kilichochoka kwa kiasi kilekile. Fundi akikitupa, kiokote, naye mtie adabu.

Nilipeleka yangu kwa mzee mmoja mwenye cherehani ya Butterfly barazani karibu na soko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inaumwa wapi?"

"Goti."

Aliingiza mkono ndani ya mguu wa suruali, akavitanua vidole, akaangalia jinsi vilivyoonekana kwa nje. "Goti limekufa. Matako yana afya. Vipande vya pindo viko wapi?"

Sikuwa navyo. Akaguna.

"Huu mfuko wa nyuma una kazi gani?"

"Naweka simu, mzee."

"Kule porini utampigia nani?"

Akaufumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, akauweka juu ya goti, akazungusha mishono miwili pembeni na kupiga msalaba katikati. Goti likawa gumu kuliko lilivyotoka kiwandani. Pale mfuko ulipokuwa pakabaki mraba wa buluu iliyokolea, mbichi kabisa, kwa sababu jua halikuwahi kuufikia. Mzee aliutazama akacheka. "Mbung'o nao lazima wawe na kiti."

Hasara nyingine zake ni nyepesi kuzitetea. Zipu imegoma: pini ya mtoto haijawahi kukwama kwa vumbi. Mifuko imetoboka: basi huwezi kupoteza kitu ambacho hukukiweka. Wala tusidhani ni ya wanaume peke yao. Mvua zikianza, kina mama wanaokwenda kuokota uyoga wa kuuza barabarani huivaa chini ya kitenge, wakaingiza pindo kwenye soksi, na siafu, kupe na upupu vikabaki nje vikishangaa. Mgeni aliyekuja na suruali mpya ya duka, yenye mifuko mingi kuliko vitu vyake, ndiye utakayemkuta akijikuna. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na yeye anavyo vyote viwili.

Yangu sasa inatafuta mrithi, kwa kuwa tumbo langu limehama kiuno chake. Kiuno ni 36. Goti la kushoto ni mfuko wa nyuma, mfuko wa nyuma haupo, na pini nabaki nayo. Maombi yapitie kwa yule mzee wa Butterfly. Hakuna kujaribu hadharani.