Utukufu wa Gemu Lisilofunguka

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti, na Shaaban Robert alimwandikia Siti binti Saad kitabu kizima. Haki yao. Lakini sijamwona aliyekaa chini akalitungia walau ubeti mmoja gemu la kompyuta lililokataa kufunguka, na huo naona ni ukosefu wa shukrani. Mimi ninalo moja. Nililinunua kwa pesa halali, nikalipakua usiku kucha, na hadi leo halijanionyesha hata nembo ya kampuni. Nimekuja kulitolea ushahidi.

Tuanze na adabu yake. Magemu mengine yakifunguliwa hupiga ngoma na tarumbeta, hukulazimisha ukubali masharti ya kurasa arobaini, hukuuliza umri. Hili ukilibofya mara mbili, mshale unageuka kiduara cha bluu, kiduara kinazunguka, kisha mshale unarudi ulivyokuwa kana kwamba hakuna aliyebisha hodi. Ukiwahi kufungua Task Manager utaliona jina lake kwenye orodha. Ukipepesa macho, halimo. Siku nyingine huamua kubaki humo orodhani saa nzima, halionekani wala halisikiki, nami namsubiri mgeni wangu kwa heshima zote.

Sifa ndogondogo nazipitia mbiombio. Halili umeme. Haliharibu watoto: mpwa wangu alikuja likizo na hamu ya kurusha risasi, akaondoka amesoma kitabu cha Historia cha kidato cha pili hadi jalada la nyuma. Ndani yake sijawahi kufungwa na mtu. Mama watoto analipenda kuliko kifaa chochote nilichowahi kuleta nyumbani.

Ila nikitaka kulitendea haki, lazima nikae kwenye sifa yake kuu, yaani ualimu. Gemu linalofunguka hukufundisha kuruka ukuta. Lisilofunguka hukufundisha kompyuta yenyewe, tena bila ada.

Somo la kwanza lilikuja katika dirisha dogo lenye alama nyekundu: MSVCP140.dll haikupatikana. Hapo nikajua kwamba gemu haliji na viungo vyake vyote. Linaegemea mafaili ya pamoja ambayo Microsoft huyatoa katika furushi liitwalo Visual C++ Redistributable, na furushi lenyewe si moja. Kuna la 2005, la 2008, la 2010, la 2012, la 2013, na jingine la kuanzia 2015 na kuendelea. Tena karibu kila moja huja kwa sura mbili, biti 32 na biti 64, na gemu la biti 32 halitaki kusikia kwamba unalo lile la 64. Nimeyasakinisha yote. Orodha ya programu zangu sasa inasomeka kama rejista ya shule ya kata.

Somo la pili liliandikwa 0xc000007b. Asiye na bahati ya kumiliki gemu kama langu atadhani hiyo ni namba ya hundi. Sisi wanafunzi tunajua: mara nyingi ni programu ya biti 64 iliyoomba faili ikapewa la biti 32, au kinyume chake. Faili lipo, jina lake ni lilelile, umbo silo. Somo la tatu lilikuwa la uraia. Nilielekezwa niliendeshe gemu “kama msimamizi”. Kompyuta nimeinunua mimi, iko mezani kwangu, mtumiaji ni mimi peke yangu, lakini ilibidi kwanza iniulize kama kweli naruhusu. Nikaruhusu. Mshale ukarudi ulivyokuwa.

Ndipo nikafikia shahada ya juu, ambayo ni kusoma Event Viewer. Hicho ni kitabu cha matukio cha Windows. Kila programu inapokufa, huandikwa humo saa ya kifo pamoja na jina la faili ilimofia. Nilikisoma kwa makini ya mpelelezi, nikakuta kwamba gemu langu kila mara hufia ndani ya faili moja, na faili hilo halichori picha, halipigi muziki, halihesabu risasi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mimi si mwizi.

Kufuli za aina hii zina historia, na mwalimu wangu hakuniacha niipite. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 magemu mengi ya CD yalifungwa kwa kufuli iitwayo SafeDisc, iliyojipenyeza ndani kabisa ya Windows kwa njia ya faili la secdrv.sys. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Microsoft iliikataa, kwa kuwa ilikuwa imegeuka mlango wa kuingilia wavamizi. Tangu hapo mtu aliyenunua CD halisi, akaitunza na boksi lake, akiitia kwenye kompyuta mpya haifunguki. Yule aliyenunua ya kuchomwa kwenye meza ya barabarani, iliyokwisha kung'olewa kufuli, anacheza mpaka leo. Sijui nani hasa alizuiwa.

Nikiwa na jina la faili mkononi, niliandika kwa huduma kwa wateja. Nilijibiwa upesi, kwa Kiingereza chenye tabasamu, na kushukuriwa kwa uvumilivu ambao walikuwa bado hawajauona. Nisasishe draiva ya kadi ya grafiki. Nizime antivairasi. Nihakiki mafaili. Nizime kompyuta, niwashe. Yote hayo nilikuwa nimewaandikia kwamba nimeshayafanya. Nikajibu hivyo kwa upole. Jibu la pili lilitoka kwa mtu mwingine mwenye tabasamu lilelile: nifute gemu lote, nilipakue upya.

Gemu lina GB 80.

Hapa naomba utukufu ukae pembeni kidogo. Aliyeandika agizo hilo hajawahi kununua bando. Hajawahi kuliona la wiki likikata upakuaji ukiwa asilimia sitini. Hajawahi kukesha kwa sababu bando la usiku ndilo la bei nafuu, kisha umeme ukakatika alfajiri. Kwake “pakua upya” ni maneno mawili; kwangu ni hela ya mboga. Wala haamini kwamba itasaidia! Anachotaka ni niondoke mezani pake siku mbili tatu, na kweli niliondoka, na nikiwa bado napakua ukaja ujumbe: kwa kuwa hujajibu, tumechukulia kwamba tatizo limekwisha; je, utaipa huduma yetu nyota ngapi?

Danadana hizi tunazijua kwenye madirisha ya ofisi, leta nakala, leta picha mbili, njoo Jumatatu. Lakini ofisini walau unamwona karani akinywa chai.

Nikadai pesa yangu. Duka lina sheria nzuri: hurudisha kama siku 14 hazijapita tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Kumbe zile nyakati gemu lilipokuwa limejikalia orodhani bila kuonekana, duka lilihesabu kwamba ninacheza. Kwa mujibu wa kumbukumbu zao mimi ni mchezaji mzoefu.

Wala sikuonewa peke yangu. Gemu la Diablo III lilipotoka tarehe 15 Mei 2012, hata anayecheza peke yake chumbani kwake alitakiwa aunganishwe na seva za watengenezaji wake, Blizzard. Seva zikaelemewa, na watu waliokwisha kulipa wakabaki wanatazama maneno “Error 37”. Machi 2013 ikawa zamu ya SimCity ya Electronic Arts: wajenzi wa miji wakapangwa foleni kungoja seva, wakaelezwa kwamba bila seva gemu haliwezekani, na mwaka uliofuata, Machi 2014, sasisho likatoka na likawezekana. Kampuni ya Ubisoft ikaenda mbali zaidi. Tarehe 31 Machi 2024 ilizima seva za The Crew, gemu la magari lililouzwa tangu 2014, na siku hiyo nakala zote halali zikaacha kuchezeka, hata kwa anayetaka kuendesha peke yake bila mpinzani.

Kompyuta za watu hawa zote zilikuwa nzima. Hakuna draiva ambayo ingewasaidia. Mtu anahangaika kufungua na kufunga, kufuta na kusakinisha, analitafuta kosa nyumbani kwake, na kosa liko kwa aliyemuuzia.

Ndiyo maana nasema gemu langu ni la kweli kuliko yanayofunguka. Yale hukuficha jambo hili miaka kumi, hadi siku seva inapozimwa. Langu liliniambia usiku uleule. Wengine wameanza kukasirika kwa utaratibu: Mmarekani Ross Scott alianzisha mwaka 2024 kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 saini za ombi la kampeni hiyo kwa Umoja wa Ulaya zilikuwa zimepita milioni moja. California nayo, kuanzia 2025, inawataka wauzaji wa magemu ya aina hii wamweleze mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni tu.

Wewe msomaji, kabla hujalipa, soma yale maandishi madogo chini ya bei. Ukikuta gemu la mtu mmoja linadai intaneti muda wote, bakiza hela yako. Ukishalinunua, lifungue siku hiyohiyo, na likigoma lizime mara moja kutoka kwenye Task Manager. Zile saa mbili zinahesabiwa.