Shemeji na Kisu cha Laki Saba

Huku kwetu Chilangala, Newala, panga haliulizwi bei wala kampuni. Linaulizwa liko wapi, na jibu huwa ni jina la jirani. Lako liko kwa mama wa nyumba ya tatu tangu juzi, lake liko kwa fundi aliyekwenda kukata fito, na la fundi ndilo hilo lililoegemea mlangoni kwako, hujui lilifikaje. Kwa utaratibu huo kijiji kizima kinafyeka, kinachanja kuni na kung'oa mihogo bila mtu yeyote kuwa na uhakika anamiliki nini.

Ndiyo maana shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, aliposhuka kwenye basi la Dar es Salaam akiwa na kisu chenye cheti, tulipata taabu kumweka kwenye fungu lolote.

Shemeji anafanya kazi za kompyuta mjini. Usiku, badala ya kulala, anatazama video za Wazungu wanaojipoteza porini kwa hiari yao, kila mmoja na kisu chake kikubwa. Naye akajichanga, akaagiza chake kupitia rafiki aliyeko Marekani: bapa la inchi kumi, unene unaokaribia milimita tano, mpini wa kitambaa kilichoshindiliwa kwa gundi mpaka kikasahau kama kiliwahi kuwa kitambaa, ala ya plastiki ngumu inayolia "ta!" kila kisu kikiingia, na karatasi yenye namba ya kisu na sahihi ya mtu. Bei alimtajia dada yake kwa dola ili asishtuke. Lakini mama watoto ni mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, na mtu aliyezoea kusoma makato ya korosho hashindwi na dola. Akazigeuza kuwa shilingi, zikafika laki saba. Akazigeuza tena kuwa kilo za korosho, akaingia jikoni bila kusema neno.

Mzee jirani alikuja kumsalimu mgeni. Alikipokea kisu kwa mikono miwili, akakipima uzito, akakirudisha kwa adabu.

"Njomba," akasema, "kwa laki saba, kinafyeka chenyewe au mpaka ukishike?"

Ilikuwa mwezi wa nane, wakati wa kusafisha mashamba ya mikorosho. Chini ya mkorosho panatakiwa pawe peupe kabla korosho hazijaanza kudondoka, maana korosho iliyoangukia kwenye majani ni mali ya panya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji hakungoja kupewa. Alikuwa na hamu ya mashindano: kisu chake dhidi ya kila chenye makali kilichopo Chilangala.

Upande wetu tuliwakilishwa vizuri. Kulikuwa na panga langu la Tramontina, kampuni ya Brazili iliyoanzishwa mwaka 1911 na ambayo mapanga yake yanauzwa dunia nzima bila cheti. Kulikuwa na panga la mzee lenye alama ya mamba, ile iliyopata sifa kupitia kampuni ya Ralph Martindale ya Birmingham, Uingereza. Siku hizi mamba sokoni ni wengi, na kama ilivyo kwenye kila msafara wa mamba, kenge wamo. La mzee ni mamba wa kweli, ndivyo anavyoapa. Kulikuwa na panga la UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China enzi za Mwalimu; hilo limenolewa miaka mingi hata limebaki jembamba, na ukilitazama kwa ubavu unaweza kudhani ni rula. Mwisho kulikuwa na panga lisilo na chapa yoyote, lililofuliwa na mhunzi.

Njiani shemeji alitoa somo la chuma, na sitaki kumdhulumu: analijua. Alisema kuna chuma kinachoitwa 1095. Ile kumi ya mwanzo inakujulisha kwamba ni chuma cha kaboni cha kawaida, na 95 ya mwisho ni kaboni asilimia 0.95. Ndicho kilichotumika kwenye Junglas, kisu kikubwa cha kampuni ya ESEE, ambayo waanzilishi wake, Jeff Randall na Mike Perrin, walikuwa wakifundisha watu kuishi msituni huko Peru. Kuna 5160, chenye kaboni asilimia 0.6 hivi na krome kidogo, kinachopendwa na wafua visu vikubwa wa Marekani kwa sababu kinavumilia kipigo. Hicho ndicho chuma cha springi za magari.

Hapo mzee alisimama katikati ya njia. Panga lile lisilo na chapa lilifuliwa kutokana na springi ya Land Rover iliyofia barabara ya Masasi. Alilitazama upya, akalipangusa kwa kanzu. Kuanzia siku hiyo haliiti panga tena.

Cha shemeji chenyewe kilikuwa cha CPM-3V, chuma kinachoanza kama unga wa metali, kikashindiliwa kwa joto na mgandamizo hadi kikawa kitu kimoja. Kina vanadi ndani yake, na hiyo ndiyo inayokifanya kikae na makali muda mrefu. Ugumu wake ni kama 60 kwa kipimo cha Rockwell, wakati panga la kawaida liko hamsini na kitu. Shemeji aliitamka hiyo sitini kama anayetaja alama za mtihani za mwanawe.

Tukaanza na nyasi. Nyasi hukatwa kwa kasi, na kasi iko kwenye ncha ya chuma kirefu na chembamba. Panga la inchi ishirini, unene wa milimita mbili, unalizungusha ukiwa umesimama, nalo linapita. Kisu cha inchi kumi kinakutaka uinamie kazi. Shemeji aliinama akapiga. Nyasi nazo zikainama kwa heshima, kisha yeye na nyasi wakainuka pamoja. Baada ya muda mzee alikuwa amemaliza mkorosho wa pili na shemeji alikuwa ameshika kiuno.

Tukahamia kwenye kichaka. Vichaka vya uwanda huu wa Makonde si vya kuchezea. Zamani wazee walijificha humo Wangoni na wawinda watumwa walipokuwa wakisaka watu, na waliowatafuta walikata tamaa nje. Kisu kifupi kina sheria moja ambayo video hazisemi: pale bapa linapoishia, mkono wako hauko mbali. Shemeji alipiga pigo safi kabisa, la kitaalamu, na mkono ukakifuata kisu hadi ndani, kwenye upupu. Mwezi wa nane maganda ya upupu yamekauka, na manyoya yake yanangoja mtu tu. Nilimwona akikishusha kisu taratibu, akakirudisha kwenye ala, "ta!", ndipo akaanza kujikuna. Mtu anayehifadhi chuma kabla ya ngozi yake ni mtu mwenye mapenzi ya kweli.

Baada ya majivu na pole nyingi, tukaingia kwenye kuni, na hapo shemeji alishinda. Alisimamisha kipande cha mti mkavu, akaweka makali juu, akapigilia mgongo wa kisu kwa gogo. Mti ukapasuka katikati, kisu hakikutikisika. Panga lolote kati ya yetu lingepinda au lingeng'oka mpini, maana mapanga mengi mpini wake unashikwa na ribiti mbili tatu, na ya kwanza ikilegea unafunga kwa mpira wa baiskeli. Chuma cha kisu chake kilipita ndani ya mpini mzima mpaka mwisho. Mzee alimpongeza kwa dhati, akamshika mkono. Kisha akamwonyesha shoka.

Jioni ilikuwa zamu ya kunoa. Mzee ana imani kwamba hakuna chuma kibaya kwenye tupa nzuri, na kwa panga yuko sahihi: chuma laini kinabutuka upesi, lakini dakika chache na tupa, umeketi kwenye kigoda unapiga soga, na makali yamerudi. Alikiweka kisu cha shemeji pajani, akavuta tupa. Tupa ikateleza juu ya makali ikitoa mlio uliowaamsha kuku. Akavuta tena, ikateleza tena. Akaigeuza tupa, akaikagua meno kwa kidole gumba, na uso wake ukawa wa mtu aliyegundua kwamba tupa ndiyo iliyonolewa. Kisu cha namna ile kinataka jiwe la almasi. Shemeji alikuwa nalo. Liko Dar.

Ala nayo ilikuwa na kitundu chini. Niliuliza ni cha nini, nikaelezwa kwamba ni cha kutolea maji, endapo mtu atavuka mto kisu kikiwa kiunoni. Mama watoto, aliyekuwa anapima maji ya kupikia kwa kikombe, aliinua kichwa. Juu ya uwanda huu hakuna mto; wazee walijenga juu na maji wakayafuata chini mabondeni, na mradi wa bomba wa Makonde ulianzishwa kwa sababu hiyo hiyo. "Mto ukipita," akasema, "tutakuamsha."

Yote hayo ni madogo. Kipimo kikubwa kilikuja alfajiri, na hakimo kwenye cheti.

Jirani alibisha hodi kuazima panga. Kulikuwa na shughuli upande wa pili wa kijiji, watu wanatafuta kuni na mbuzi wanachinjwa. Mama watoto alifungua mlango, akaona kitu chenye mpini kimeegemea ukuta, akampa. Angefanya nini kingine? Kilichoegemea mlangoni huku kwetu ni cha kupewa anayebisha.

Shemeji alipoamka aliuliza kisu kiko wapi, akapewa jina la jirani. Nilimsindikiza. Jirani alikuwa amekwisha kukitoa kwa kijana wa bodaboda, akate kamba za mzigo. Kijana alikiacha kwa mama muuza mihogo. Shemeji alipoona mihogo iliyomenywa na udongo bado uko kwenye maganda, alishika kichwa. Mama muuza mihogo alikisifu, akalalamika kwamba ni kizito, akasema wapishi wamekichukua. Kila tulipofika tulikaribishwa, tukasalimiwa habari za nyumbani, za safari, za Dar, na shemeji akajibu "nzuri" kwa sauti ya mgonjwa.

Tulikipata kwenye shughuli, chini ya mwembe, mikononi mwa mpishi mkuu. Hapo ndipo nilipokielewa kile kisu. Mpishi alikuwa anakata mifupa ya mbuzi: pigo moja, kipande kimoja, bila chenga za mfupa, bila kurudia. Uzito ule ulioshindwa na nyasi, unene ule uliomtia mtu kwenye upupu, hapa vilikuwa vimepata kazi vilivyoumbiwa. Watu walikuwa wamesimama kutazama. Ala ilikuwa kando ya mafiga. Plastiki ile hufinyangwa kwa joto, na moto ulikuwa umeifinyanga upya kwa mtindo wa kwetu, haikuwa tena na nafasi ya kuingiza hata kijiko.

Shemeji alifungua mdomo kulalamika. Mpishi akamtangulia.

"Wewe ndiye mwenye kisu? Kaa hapa, mjomba. Kaa hapa mbele."

Akaletewa sahani. Ini lilikuwa juu yake, na kipande cha paja ambacho mimi, mkazi wa miaka yote, sijawahi kupewa kwenye shughuli ya mtu. Waliosema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama hawakusema kwamba lazima akishike yeye. Alikula. Alipomaliza, mpishi alimuuliza kama atakibakiza hadi jioni, na shemeji, akifuta mafuta mdomoni, akasema hakuna shida.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya kisu cha laki saba na panga la elfu kumi na kitu ununue lipi, nitakuuliza kwanza una kazi gani na majirani wangapi. Kama unakaa peke yako kwenye misitu ya baridi, hakuna shoka, na maisha yako yote yananing'inia kiunoni, nunua kile chenye cheti, na jiwe la almasi usiliache. Kama una mikorosho, nunua panga refu, jembamba, na tupa. Ligonge kwa kucha usikie kama linalia, lipinde kidogo uone kama linarudi, tazama ribiti kama zimekaa. Halafu jiulize kama moyo wako utatulia siku likilala kwa watu. Zana isiyoazimika inakufanya uwe mlinzi wake, na mshahara unalipa mwenyewe.

Siku ya kuondoka shemeji alinivuta hadi duka la vifaa Newala mjini. Akachagua panga moja, akaligonga, akalipinda, akalielekeza kwenye mwanga, akakunja uso kama fundi.

"Kaka, hiki ni chuma gani?"

Mwenye duka alimtazama yeye, akalitazama panga, akanitazama mimi nimsaidie.

"Chuma cha panga," akasema.

Shemeji akatoa hela.