Wajibu wa Mwananchi kwa Tabianchi

Kuzima taa ni hatua ya kwanza ya mwananchi katika kuokoa tabianchi, na mgao wa umeme humsaidia asisahau. Ya pili ni usafiri wa pamoja: abiria wa daladala ya Mbagala, mguu mmoja mlangoni na kwapa la jirani puani, ni mwanamazingira kamili. Ya tatu ni hesabu. Mwaka 2004 kampuni ya mafuta ya BP, kwa huruma yake, ilizindua kikokotoo cha kumwonyesha kila mtu hewa ya ukaa anayozalisha. Mafuta iliendelea kuyachimba yenyewe, isiwachoshe watu. Viongozi nao hawakubaki nyuma: mwaka 2023 wao na wajumbe wao, maelfu kwa maelfu, walipanda ndege hadi mkutano wa tabianchi wa Dubai kujadili moshi. Aliyebaki kujirekebisha ni mama wa jiko la mkaa.